Mgeni wa Bukuru

Ndugu zangu, mlioko hapa Muyinga na ninyi mliobaki kule Ulyankulu, simu zenu nimezipokea zote. Kila mmoja anauliza kwa namna yake lakini swali ni lilelile: mlimpata? Nimekuwa nikijibu "tutaongea," kwa sababu jambo lenyewe haliingii kwenye simu. Leo duka la vipuri vya baiskeli nimemwachia mke wangu Goreti, nimekaa kuandika. Habari za kukodi gari na kutafuta vyumba sitazigusa, hazina faida kwa mtu. Nitawapa safari yenyewe, na mnivumilie pale nitakapokasirika, maana bado hasira haijaniisha.

Kwa wasiomjua mama yangu, anaitwa Butoyi. Kwetu Burundi jina hilo halitolewi hivi hivi. Wakizaliwa mapacha, anayetangulia ni Bukuru na anayefuata ni Butoyi. Kwa hiyo mama hajawahi kutaja jina lake mbele ya Mrundi bila kuulizwa, "Na Bukuru yuko wapi?" Aliulizwa akiwa mtoto Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi Tanzania, akaulizwa siku ya harusi yake, akaulizwa na karani wa mpakani siku tuliporudi. Jibu lake lilikuwa moja: "Tulipotezana." Walikuwa wasichana wadogo wakati wa machafuko. Bukuru alikuwa amelala kwa mjomba, kilima cha pili. Butoyi alishikwa mkono na majirani waliokuwa wanakimbia, wakavuka naye mpaka Tanzania. Wazazi na kaka zao waliuawa. Tuliporudi tulikuja kukaa Muyinga, kwenye ardhi ya marehemu baba, na kila mkimbizi mwenzake wa Bugendana, kwao alikozaliwa, ambaye mama alimhoji alimwambia kwamba katika nyumba yao hakubaki hata mmoja.

Halafu mwaka huu mwanamke mmoja anayeleta ndizi sokoni akamwambia: kule Bugendana yuko bibi anaitwa Bukuru, anakaa kwenye kiwanja cha baba yake, ana wana na wajukuu. Mama alikaa chini palepale, katikati ya ndizi za watu.

Watoto wangu, Neema na Daudi, nilikuwa nimewaahidi likizo: waone makumbusho ya Gitega, kisha waoge ziwani Bujumbura. Basi tukaziunganisha safari mbili zikawa moja. Mama alisema hataki makumbusho wala ziwa. "Nataka dada yangu anipokee nyumbani kwake," aliniambia. "Anipokee tu, Elia. Baada ya hapo sitawasumbua tena."

Muyinga: esansi iko njiani

Safari ilianza kwa kutosafiri. Gari lilikuwa Probox ya Shabani, mtoto wa mjini hapa, ambaye baba yake alishona kanzu za nusu ya msikiti. Alikuja asubuhi, akapakia mizigo, akapakia watoto, akampakia mama kiti cha mbele, halafu akatutangazia kwamba tangi ni tupu, petroli hakuna.

"Papa Neema, we usikuwe na haraka," alisema. "Esansi iko. Ila iko njiani."

"Njiani wapi?"

"Ah, hiyo mi sijuwe. Mi najua tu iko njiani. Bon, tungoje."

Tukangoja kwenye foleni ya kituo mpaka jua likatuchoma. Watu walikuwa wamelala chini ya magari yao, wengine wakicheza karata. Goreti alitoa chakula cha safari, tukakila chote kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja. Mimi nilinung'unika, mnanijua. Mama hakunung'unika. Alikaa kiti cha mbele na mkoba mapajani, amevaa kitenge chake kizuri, na kila aliyepita dirishani alimwambia, "Nakwenda kwa dada yangu." Wapita njia wasiotujua walimpongeza. Nilimwambia apunguze kutangaza, akanijibu kwamba amenyamaza vya kutosha maishani.

Esansi ilipofika tulipata kidogo, na nyingine Shabani aliitoa mahali ambapo sikuuliza, ndani ya madumu mawili yaliyosafiri miguuni pa Goreti mpaka Gitega. Harufu yake bado imo kwenye nguo zetu.

Karuzi: maharagwe ya wenyewe

Tulifika Karuzi tukiwa na njaa ya kugombana. Shabani alisema anakumbuka mgahawa mzuri karibu na barabara. Tukaona ua mpana, mabenchi, turubai, watu wengi wanakula, masufuria makubwa. Tukaingia. Tukapewa kiti, tukapewa maji ya kunawa, tukaletewa maharagwe na ndizi za kupika na nyama. Daudi akaongezewa bila kuomba. Nilimwambia Goreti, huu ndio ukarimu wa wafanyabiashara wa Karuzi, sokoni kwetu hawajui kumshika mteja namna hii.

Nilipoita ili nilipe, mzee aliyekuwa anahudumia alinitazama kwa muda, halafu akacheka mpaka akashika benchi. Haukuwa mgahawa. Ilikuwa familia inamgandukia baba yao.

Wale mliokulia Tanzania tu, niwaeleze. Mtu akifa kwetu, kuna kuzika, na baadaye, hata ikiwa ni mwaka mzima, kuna kuganduka. Siku hiyo ukoo unakaa pamoja, unakula, unanywa pombe, mali za marehemu zinasemwa hadharani, na msiba unafungwa. Baada ya hapo hakuna kumlilia tena. Watu wanarudi kwenye maisha yao na marehemu anaachwa apumzike.

Niliona haya kubwa. Nikatoa pole kwa mdomo ambao bado una mafuta. Mzee alikataa hela. "Mmekula kwa heshima ya baba yetu," alisema. "Angefurahi. Alipenda wageni wasiojulikana." Mama alitaka kumjua marehemu, akauliza jina lake, alikuwa mtu wa namna gani, aliacha watoto wangapi. Tuliporudi garini Shabani alikuwa amejificha nyuma ya usukani kwa aibu. Mama akamwambia, "Usijali mwanangu, tumemzika vizuri." Tukacheka wote, na nawaambia ukweli, hicho ndicho kicheko chetu cha mwisho cha pamoja katika safari ile.

Gitega: vitu ambavyo mama hakuvijua

Tulilala mtaa wa Musinzira, kwa binamu yake Shabani, nyumba safi yenye ua wa maua. Asubuhi tukawapeleka watoto makumbusho. Si pakubwa, lakini vitu vya kale vimekaa kwa heshima: ngoma, mikuki, vikapu vya kila aina, vyombo vya mbao, picha za watu wa zamani wamesimama wima.

Neema alikuwa na maswali mdomoni tangu Muyinga. Kichwani mwake jambo lilikuwa rahisi: hivi ni vitu vya zamani vya Burundi, Bibi ni mtu wa zamani wa Burundi, basi Bibi atajua.

"Bibi, hiki ni cha nini?"

Mama alikitazama kile chombo cha mbao chenye shingo nyembamba. "Cha chumvi," akasema.

Dada aliyekuwa anatuongoza alikohoa kidogo. "Pardon, maman. Hii inaitwa icansi. Iko ya maziwa. Chumvi hapana."

"Na hiki, Bibi?" aliuliza Daudi.

"Hicho ni cha kuwekea mbegu."

"Hiyo nayo iko ya mishale, maman," alisema yule dada, kwa upole mpaka ukauma. "Lakini si kitu. Watu wengi wanachanganya."

Mara ya tatu mama alishika kingo za kitenge chake akatazama sakafuni. Tulipotoka nje Neema akamshika mkono, akamwuliza mbona hajui. Nilitaka kumkemea, mama akanizuia.

"Mimi nilitoka hapa nikiwa mdogo kuliko wewe," alimwambia. "Ninachokijua ni tumbaku. Niulize namna ya kupanda tumbaku, kuikausha, kuifunga mitumba. Hayo nitakueleza mpaka uchoke." Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Nitafikaje mbele ya Bukuru? Atanisemesha mambo ya nyumbani, nami nitamjibu tumbaku."

Mchana huo hakula. Binamu wa Shabani alipika ndagala, dagaa wa ziwani, na mboga ya lengalenga, akadhani amekosea chumvi, akaomba radhi mara nyingi. Nilimwambia kosa si lake. Niliingiwa na huruma juu ya mama yangu ambayo sikuwahi kuwa nayo, kwa sababu siku zote nilidhani ukimbizi wake ulikwisha siku tuliyovuka mpaka kurudi.

Bugendana: nyumbani kwao

Kutoka barabarani tulitembea. Gari lisingefika. Shabani alibeba kreti ya bia kichwani, mimi nikabeba ya fanta, maana huendi kwa mtu mikono mitupu. Njia inapita kati ya migomba, inashuka, inavuka kijito, inapanda tena. Mama alitangulia mbele. Mwanzo alikuwa anauliza njia kwa watu, halafu nikaona haulizi tena.

Uani palikuwa na bibi anapepeta maharagwe. Aliinua uso. Daudi akasema kwa sauti, "Baba, mbona kuna bibi wawili?"

Sina la kuongeza juu ya hapo. Paji la uso lilelile, taya lilelile, hata namna ya kusimama mguu mmoja ukipumzika. Huyu wa Bugendana alikuwa amekondeana zaidi na jicho moja lilikuwa na ukungu. Watu wa kilima kile hawasemi Kiswahili, kwa hiyo maneno yote ninayowaandikia hapa yalisemwa kwa Kirundi.

"Bukuru," alisema mama. "Ni mimi."

Yule bibi aliweka ungo chini taratibu, maharagwe yasimwagike. Alikuja akamshika mama mikono yote miwili, akamgeuza kwenye mwanga upande wa jicho lake zima. "Butoyi?" alisema, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua. Kisha wakakaa kwenye mkeka wameshikana. Goreti alianza kulia, nami nikajifanya napanga chupa.

Mwanawe mkubwa, Salvatori, alitoka migombani na jembe. Mtu mzima, mpole, akatuletea viti, akawapa watoto miwa. Nikadhani yamekwisha. Nikasema moyoni, Mungu ni mkubwa, mama yangu amepokelewa.

Kisha mama akaanza kukumbuka. Sijui kumbukumbu zilikuwa zimelala wapi siku zote. Alisimama akamshika Neema mkono, mtoto yuleyule aliyemwona jana makumbusho kuwa hajui kitu, akaanza kumwonyesha. Hapa palikuwa lango la ng'ombe. Pale jiwe la kusagia la mama. Hii njia ndogo inakwenda kwenye maji, angalia usiteleze. Kaka yetu mkubwa alianguka hapa akavunjika jino. Alitembea haraka kama msichana, watoto wakimfuata mbio, naye akicheka. Nilimwona akirudi kwake kipande baada ya kipande. Alipofika chini kabisa alinyoosha mkono, akasema kwa sauti ya furaha iliyosikika mpaka uani, "Na shamba la baba liliishia kwenye kijito, upande ule! Mikaratusi ile haikuwepo, pale palikuwa petu!"

Salvatori alikuwa amesimama karibu yangu. Nilimwona akiacha kutafuna muwa.

Lazima mjue ardhi ile inasimama juu ya nini. Bukuru alibaki peke yake katika nyumba ile, akalelewa na mjomba, akarudi na mumewe kulima kwa baba yake, na wanawe wamegawana hapo na kujenga. Anakaa pale kwa sababu ni mtoto wa mwenye shamba. Sasa amekuja mtoto mwingine wa mwenye shamba, mzaliwa wa siku ileile, ana mtoto wa kiume mwenye duka mjini, na katika saa yake ya kwanza anaonyesha mpaka. Nyote mnajua kesi za watu waliorudi zilivyogawanya vilima hivi. Mama alikuwa anasema, "Angalia, nakumbuka, mimi ni wa hapa." Salvatori alisikia, "Nimekuja kuchukua."

Alimwita mama yake nyuma ya nyumba. Walikaa huko. Aliporudi hakututazama, akamtuma mtu aite bashingantahe, wazee wa kilima wanaosuluhisha kesi. Bukuru alirudi akakaa, lakini hakukaa tena kwenye mkeka wa mama. Alikaa ng'ambo, kando ya mlango wake.

Wazee watatu walifika, wakakaa kwenye benchi, wakafungua bia zetu. Msemaji wao alikuwa mtu aliyechoka, dhahiri alikuwa ametolewa kazini, hakuwa na ubaya. Salvatori alisimama akasema, "Wageni hawa wanasema ni ndugu. Wameonyesha mipaka. Wazee, mnajua wote huanza na kusalimia. Mwezi unaofuata wanakuja na kamba ya kupimia."

Msemaji akamgeukia Bukuru. "Mama, huyu unamjua?"

Bukuru alitazama mikono yake. "Nilikuwa na Butoyi," alisema. "Alikufa pamoja na wengine. Nilimlilia. Nilipoolewa tulifanya pombe, tukawagandukia wote siku moja, baba, mama, kaka zetu na Butoyi. Wewe mwenyewe ulikunywa."

"Kweli nilikunywa," alisema mzee.

"Basi. Huyu simjui."

Nilisimama. Maneno yalikuwa mengi kinywani, kwamba mnazo sura mbili mbele yenu, kwamba hata mtoto mdogo ameziona, kwamba kuna sheria na kuna tume ya ardhi na kuna mashahidi. Mama akanivuta shati kwa nyuma.

"Kaa, Elia."

Alisimama yeye. Alijifunga kitenge vizuri, akawainamia wale wazee.

"Mnisamehe kwa kuwatoa mashambani," alisema. "Akina Butoyi ni wengi katika nchi hii. Mimi nilimpoteza Bukuru wangu. Nikasikia jina sokoni, nikapandwa na furaha, nikaja. Naona nimekosea kilima."

Mzee aliweka chupa chini. "Lakini mipaka uliionyesha."

"Vilima vyote vina kijito, mzee."

Nilimtazama Bukuru, naye alikuwa amefumba lile jicho zima.

"Kwa hiyo hudai kitu?" aliuliza mzee.

"Sidai. Mwanangu hadai. Wajukuu wangu hawatadai." Akanigeukia, akangoja mpaka nikaitikia kwa kichwa, na kuitikia kule kulinigharimu kuliko nitakavyoweza kuwaeleza. "Ninaomba jambo moja tu. Nimekunywa maji ya mama huyu, nami sijamsalimia vizuri. Niruhusuni nimsalimie kisha niende."

Kuna salamu ya wanawake wa zamani inaitwa akazehe. Si ya kusema, ni ya kuimbana. Mmoja anaongoza, mwingine anaitikia juu ya sauti yake bila kumngoja amalize, wameshikana viwiko, na wanaulizana habari za nyumba nzima, watu na ng'ombe, mpaka pumzi ziishe. Wasichana wa siku hizi hawaijui. Mimi nilikuwa sijawahi kuisikia kwa mama hata siku moja. Ulyankulu hakuwa na wa kumwitikia.

Alivuka ua, akamshika Bukuru viwiko, akaanza. Sauti yake ilikwaruza. Bukuru alinyamaza. Mama akaanza tena mwanzo. Salvatori alitazama pembeni. Mara ya tatu Bukuru aliitikia, na ilikuwa sauti hiyohiyo, imetoka kwa mtu mwingine.

Mama akauliza, hali ya nyumba? Bukuru akaitikia, ni amani. Watoto? Ni amani. Mashamba? Ni amani, ni amani. Sauti ziliingiliana mpaka sikujua nani ni nani. Kisha mama akauliza, na wazazi?

"Baba alilala," aliitikia Bukuru. "Mama alilala. Kaka zangu walilala. Na Butoyi wangu alilala."

Alikuwa amemshika mikono alipoyasema hayo. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kitenge cha mama.

"Apumzike," aliitikia mama. "Apumzike, dada yangu, apumzike."

Yule mzee msemaji alivua kofia yake, akaishika mapajani. Hakuna aliyekuwa hajui. Nawaapia, hakuna hata mmoja katika ua ule. Wakaendelea mpaka pumzi zikawaisha, wakaachana, mzee akasema, "Tumesikia, mgeni asindikizwe."

Mgeni wa kawaida husindikizwa mpaka mwisho wa migomba. Bukuru alitusindikiza mpaka kwenye kijito, akakivuka, akapanda kile kilima cha pili kwa miguu yake ile, mpaka barabarani gari lilipokuwa. Shabani alimwambia mama aingie, mama hakuingia mpaka Bukuru alipogeuka kurudi.

Ziwani

Nilitaka turudi Muyinga moja kwa moja. Mama alikataa. "Watoto uliwaahidi ziwa," alisema. "Waoge."

Basi tukateremka Bujumbura, kwenye joto. Watoto walipiga mayowe ndani ya maji, Goreti akiwazuia wasiende mbali, Shabani akila mikeke, samaki wa ziwa lile, wa kuchoma, kana kwamba amefunga mwezi mzima. Ufuko ulijaa familia kama sisi, watu wanapigana picha. Mama alikaa kwenye mchanga na kitenge chake chote, viatu amevishika mkononi. Nikakaa karibu naye.

Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyameza. Kwamba ni haki yake. Kwamba ni dada yake mwenyewe aliyemkana kwa ajili ya vishamba vya maharagwe. Kwamba tungeweza kuleta mashahidi, na kama hataki ardhi tungeiandika kwamba hataki, lakini jina lake angebaki nalo.

"Mimi nilikwenda kutafuta shamba?" aliniuliza.

"Hapana."

"Ulimwona alivyonitazama aliporudi kutoka nyuma ya nyumba?"

Nilichora mchangani kwa kidole.

"Aliniogopa, Elia. Watu walionifukuza pale niliwaogopa mimi. Leo Bukuru ananiogopa mimi. Ningebaki kuwa Butoyi angeniogopa mpaka tufe. Kila mbwa akibweka angesema, ni Butoyi na wazee wa mahakama." Alifuta mchanga kwenye kiatu. "Sasa haniogopi."

Nikamwuliza kama imemtosha. Alitazama watoto majini. "Haijanitosha," alisema. Akafunika uso na ncha ya kitenge, akalia palepale kati ya watu wenye likizo zao, nami nilimshika bega tu kwa sababu sikuwa na kingine.

Muyinga: nyumbani

Kwa hiyo mliouliza kama tulimpata, jibu ndilo hilo. Mama mwenyewe majirani wakimwuliza anasema, "Nilimpata, tulisalimiana," na anaendelea na kazi yake. Naomba msimwulize zaidi.

Wiki iliyopita yule mwanamke wa ndizi alileta ujumbe mfupi kutoka Bugendana: kwamba yule mgeni aliyekosea njia, akipita tena upande ule, kuna maharagwe mapya. Mama alimwomba amrudie maneno mara mbili. Sasa anataka kwenda wakati wa mavuno, na safari hii anataka kulala.

Tumeanza kujiandaa. Hapa nyumbani hakuna tena anayemwita Butoyi, isije ikamtoka mtu kinywani tukiwa kule. Anaitwa Mama Elia. Neema ameshazoea. Daudi bado anasahau, ndiyo maana jioni tukikaa mezani mama anamwita karibu na kumfundisha yeye mwenyewe.

"Tukifika kule, yule bibi ni nani wako?"

"Bibi yangu mkubwa."

"Hapana, mwanangu. Sema tena."

"Ni mama mwenye nyumba."

"Na mimi ni nani wake?"

"Mgeni."

"Vizuri," mama anamwambia, na anampa kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yake.